Gredi Ilianza na Mguu

Siku tuliyolifungua rundo la pili tulikuwa watano ghalani. Alikuwepo Bwana Ambokile, mkuu wa ghala, mtu wa Tukuyu aliyejigamba kwamba baridi anaijua tangu utoto, mpaka alipokutana na upepo wetu wa Juni akaanza kuvaa makoti mawili. Alikuwepo Desideri, karani, ambaye alisoma seminari miaka mingi akaiacha kabla ya kupata upadri. Sababu hakuitaja na sisi hatukuiuliza. Alikuwepo Hamisi, dereva wa lori, mwenyeji wa Kirando, aliyeamini kwamba mahindi ni chakula cha watu walionyimwa ziwa. Alikuwepo Mama Simforosa, mkulima, aliyekuja na mkokoteni wa kuazima kuchukua gunia lake lililokataliwa. Na mimi Gaudensia, mpima gredi, niliyelikataa.

Hamisi ndiye aliyeanza kuvuta pua. "Jamani, nani kaloweka mihogo humu?"

Hakuna aliyeloweka mihogo. Tulishusha magunia ya juu, nikaingiza mkono katikati ya rundo, nikautoa haraka. Palikuwa pa moto kama paji la uso la mtoto mwenye malaria. Bwana Ambokile akachomeka kipimajoto, akasubiri, akakisoma, akakirudisha na kukisoma tena kana kwamba kingeweza kubadili nia. Yale yalikuwa mahindi meupe, mazuri, gredi ya kwanza. Nilikuwa nimeyapitisha mwenyewe wiki tatu kabla, na siku ile ile yalitakiwa kupakiwa kwenda shule ya bweni, ambako wanafunzi walikuwa wanayasubiri.

Ninyi vijana mnaoanza kazi hii leo mna kimashine kinachokaa kiganjani. Unatia punje, unabonyeza, kinakuambia unyevu uliomo. Sikionei wivu, kwani nimewahi kukiona kikidanganya pale betri ilipochoka. Sisi tulikuwa na macho, pua, meno na chupa ya chumvi, na kati ya hivyo vinne, kilichonisaliti mimi ni kiburi, ambacho hakimo kwenye hesabu.

Lazima niwaambie kwa nini niliogopa nilipoutoa mkono kwenye rundo. Mama yetu alitangulia, na baba akamfuata kabla mwaka haujaisha. Mimi ndiye mkubwa, niko darasa la sita, nina wadogo watatu. Kikao cha ukoo kiliwagawa kama vyombo vya jikoni: huyu aende ziwani, huyu Namanyere, na Filberta, kitinda mimba, kwa shangazi kule Kasense. Nikasimama nikasema hatugawanyiki. Baba mdogo akaniuliza, "Na utawalisha nini, maneno?" Nikamjibu kwamba nitajua kesho. Kesho yake nikaenda ghalani kuomba kazi ya kuchambua maharage, na shuleni sikurudi tena. Misimu minne nilichambua, nikapepeta, nikashona midomo ya magunia, mpaka nikapewa koti jeupe la mpima gredi. Lile koti ndilo lililowaweka wadogo zangu chini ya paa moja. Likivuliwa, kikao kinaitishwa upya.

Sasa tuone jinsi nilivyokosea, maana kosa la kazi halielezwi kwa haraka.

Tulifika kijijini asubuhi na mapema, kijiji cha ujamaa kilichokuwa nyuma ya Pito. Magunia yamepangwa mbele ya ofisi, watu wamejifunika mablanketi, mwenyekiti wa kijiji anatembea mbele yao kama anakagua gwaride. Mimi na koti langu, na bambo mkononi. Bambo ni ule mkuki mfupi wenye mfereji. Unauchoma guniani, unatoka na punje bila kulifungua gunia. Kazi ilikuwa hivi: unachoma gunia juu, kati na chini, siyo mahali pamoja. Unamwaga punje kwenye sinia. Unatazama rangi, unatafuta zilizovunjika na zilizotobolewa na fukusi, unanusa. Kisha unapima unyevu. Punje kavu ukiitafuna inalia "ka!" na kupasuka. Mbichi inabonyea bila kusema kitu. Ukitaka uhakika zaidi, unachukua chupa kavu, unatia punje na chumvi iliyokaushwa vizuri, unatikisa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji.

Chumvi ya kupimia, siku ile, Hamisi alikuwa ameilia mayai njiani.

"Dada Gaude, nisamehe," aliniambia, "mayai bila chumvi ni dhambi hata kwenu Wakatoliki."

Ningeweza kuomba chumvi nyumba yoyote pale kijijini. Sikuomba. Niliona mpima gredi mwenye koti jeupe hapiti mlango kwa mlango kuomba chumvi kama mwali aliyeunguza mboga. Nikatafuna. Na kila punje niliyotafuna ililia "ka!" Nikaandika: ya kwanza, ya kwanza, ya kwanza.

Nilisahau jambo ambalo mtoto yeyote wa Ufipa analijua. Asubuhi ya Juni huku kwetu kila kitu ni kigumu. Hata kiporo cha ugali kinalia kama jiwe. Ile ilikuwa sauti ya baridi, na mimi nikaipokea kama sauti ya ukavu.

Gunia la mwisho lilikuwa la Mama Simforosa. Bambo lilitoka na punje za rangi ya chai, zinanuka moshi.

"Mama, haya yameungua?"

"Hayajaungua, mwanangu. Yamekaa darini juu ya jiko. Mwaka huu mvua haikutuachia jua, nikayapa moshi." Alikuwa amefumba ngumi ndani ya kanga yake. Akaitoa, akanyoosha mkono. "Hebu tafuna hizi kwanza. Nimezipasha."

"Mama, mimi sili kazini," nikasema. Watu wakacheka, nami nikafurahi kwamba wamecheka. Kwenye ubao wetu wa vielelezo mahindi yalipangwa kwa weupe, na rangi ile haikuwepo kabisa. Nikaandika, huku nikilitamka kwa sauti: haifai.

Mwenyekiti akadaka palepale. "Mmeona? Kijiji kizima kinaleta gredi ya kwanza, yeye anatuletea masizi! Uzembe ndio huu ninaousema kila mkutano. Mkiulizwa mfano, mfano ni huyu."

Watu wakacheka tena, safari hii kwa namna nyingine. Na mimi nilicheka nao. Vijana wa kupakia, kwa haraka zao, wakalitupa gunia lile kwenye lori pamoja na mengine, ndiyo maana ilimbidi mama wa watu alifuate mjini wiki tatu baadaye.

Basi tumo ghalani, rundo linachemka, Bwana Ambokile anauliza, "Nani alipima?"

Desideri akakohoa. "Bwana Ambokile, hati niliandika mimi, kwa hiyo na mimi..."

"Sikuuliza aliyeandika."

Nilijua Desideri anataka kunikinga, na nilijua akifanikiwa nitakuwa nimejificha nyuma ya mtu mwenye watoto kama nilivyo na wadogo. Nikasema, "Nimepima mimi. Kwa meno, bila chumvi, jua halijatoka."

"Na chumvi niliila mimi," akasema Hamisi.

"Wewe nyamaza, ndugu wa dagaa." Bwana Ambokile hakunitazama usoni. "Ndugu Gaudensia, vua koti."

Nikalivua. Akalitundika kwenye msumari karibu na mizani. "Litakaa hapo. Utalifungua rundo lote, utaanika, utachambua punje kwa punje. Likiokoka zaidi ya nusu, utalivaa. Likioza zaidi ya nusu, utakwenda kwenu, na mimi nitaandika barua."

Kisha akaligeukia gunia la Mama Simforosa. Akaomba chupa na chumvi mpya, akatikisa. Chumvi ilicheza ndani ya chupa kama mchanga. Akatikisa tena. Hakuna hata chembe iliyoshika kioo.

"Mama," akasema, "haya ni makavu kuliko yote niliyonayo humu. Lori linasubiri, wanafunzi wanasubiri. Niruhusu niyapokee, nitayaandika ya kwanza."

Mama Simforosa hakumjibu yeye. Aliniambia mimi, pole pole, kama anayemfundisha mtoto kupika. "Binti, punje ya asubuhi unaishika ngumini mpaka ipate joto lako. Ukiona umeanza kuisahau, ndipo uitafune. Nilikuwa nimekupashia."

"Nisamehe, mama."

"Humu ndani unaniomba msamaha, panya ndio wanaosikia. Watoto wa shule wale, gunia nawaachia. Lakini neno ulilolisema, ulilisemea mbele ya watu. Njoo ulisemee palepale." Akamgeukia Bwana Ambokile. "Karatasi yenu sihitaji. Karatasi haina mdomo."

Akaondoka na mkokoteni mtupu, unapiga kelele mpaka barabarani.

Kwa wiki tatu nililala nikiwa na vumbi la mahindi masikioni. Tulianika kwenye maturubai jua linapotoka, tukakusanya kabla ya ukungu wa jioni. Yaliyooza yalitengwa, yaliyoota ukungu wa kijani yakafukiwa hata nguruwe wasiyaguse, na yaliyoloa tu yakageuzwa na kugeuzwa. Kila asubuhi Bwana Ambokile alilipima rundo lililobaki na kuita joto lake kwa nyuzi za sentigredi, Desideri akaandika.

Siku moja nikamwuliza Desideri swali lililokuwa linanikera. Mahindi yana gredi. Mwalimu ana gredi. Mshahara una gredi. Mtambo unaosawazisha barabara ya Mpanda ni greda. Na sasa joto nalo ni sentigredi. "Hawa Waingereza waliishiwa maneno?"

Desideri aliweka kalamu chini. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu akifurahi hivyo kwa kuulizwa swali. "Hilo si lao," akasema. "Waliliokota kwa Wafaransa, na Wafaransa walirithi kwa Waroma. Kwa Kilatini ni gradus. Maana yake hatua. Unyayo mmoja mbele ya mwingine. Na kitenzi chake ni kutembea."

"Kutembea tu?"

"Kutembea tu. Halafu hatua zikijengwa kwa mawe zinakuwa ngazi, na kila kidato kikaitwa gradus. Unakumbuka misa ya zamani, ya Kilatini, ule wimbo kati ya somo na Injili? Uliitwa Graduale. Mwimbaji aliuimba akiwa kwenye ngazi, ndiyo sababu."

Nilikumbuka. Nilikuwa nimesimama kando ya mama nikiwa mdogo, nimesikia wimbo ule bila kuelewa hata neno, nisijue kwamba nitakuja kula kwa jina lake.

Akaendelea, nami nikaendelea kugeuza mahindi ili nisionekane nimekaa. Waingereza walipolipata, grade ilikuwa kipimo, yaani vidato vya kuhesabia. Baadaye ikawa cheo cha mtu, kisha ubora wa bidhaa, maana vyote viwili walivipanga kama ngazi. Mwinuko wa barabara nao wakauita hivyo, kwa kuwa ni mahali mguu unapopanda, na mtambo unaoutengeneza ukapata jina la greda. Sentigredi ni hatua mia moja, kutoka maji yanapoganda mpaka yanapochemka. Hata digrii ya chuo kikuu ni mtoto wa mguu uleule, aliyepitia njia nyingine ya Kifaransa. Na neno wanalolitumia Waingereza kwa maendeleo, progress, tuliyokuwa tunahimizwa kwenye kila mkutano, maana yake ya asili ni kupiga hatua mbele.

Bwana Ambokile alikuwa amesimama nyuma yetu anasikiliza. "Desideri, yaani nimepima mahindi miaka kumi na miwili, kumbe napima miguu?"

"Ndiyo maana yananuka soksi," akasema Hamisi kutoka kwenye lori.

Tukacheka mpaka Bwana Ambokile akavua koti moja. Lakini usiku ule sikuacha kulifikiri lile neno. Kama gredi ni kidato, basi anayesimama cha tatu leo anaweza kupanda. Mahindi yale niliyokuwa naanika yalikuwa yameshuka, nami nilikuwa nayapandisha kwa jua na mikono. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeteremshwa kidato na nilikuwa napanda. Ila lile neno nililomwandikia Mama Simforosa halikuwa gredi ya aina yoyote. Ngazi haina kidato kinachoitwa toka nje. Nilikuwa nimemtoa kwenye ngazi kabisa, na nikacheka.

Tangu hapo, vijana wangu, nikiwa mpima gredi mpaka nilipostaafu, sikumwandikia mkulima "haifai" bila kumwambia kinachokosekana na namna ya kukipata. Anika siku mbili zaidi. Pepeta tena. Tenga zilizotobolewa, zilizobaki ni nzuri. Mkulima akijua kidato kinachofuata kiko wapi, atakiendea. Msiponikumbuka kwa lingine lolote, nikumbukeni kwa hilo. Na chumvi msimpe dereva.

Rundo liliokoka zaidi ya nusu. Siyo kwa mbali, lakini Bwana Ambokile alikuwa mtu wa neno lake. Alihesabu magunia mara mbili, akatoa koti msumarini, akalipiga vumbi, akanirushia. "Vaa, baridi hii itakuua." Nililivaa nikaenda kuchota maji ya kuosha sinia, maana sikutaka wanione machozi. Kikao cha ukoo hakikuitishwa. Filberta alikulia chini ya paa lile, akawa mwalimu wa gredi A, na siku alipoleta cheti nikamweleza ngazi aliyosimama inatoka wapi. Akaniambia, "Dada, chuoni hawakutufundisha hilo." Nikamwambia mimi nimesomea kwenye maturubai.

Inabaki ile safari.

Nilipanga kwenda kijijini mara tu rundo litakapokwisha. Nikaahirisha wiki kwa wiki mpaka mvua zikaanza, barabara ikakatika. Nikasema baada ya Pasaka. Baada ya Pasaka msimu wa kununua ukaanza, nikapangiwa upande mwingine. Nisiwadanganye kwa kulaumu barabara. Nilikuwa namwogopa mwenyekiti yule, na nilikuwa naogopa kusimama pale pasipo koti. Nilipopata moyo wa kwenda, kijiji kilikuwa kimehamishiwa eneo jipya, na watu wengi walikuwa wamegawanyika njia tofauti. Mbele ya ile ofisi palikuwa pamelimwa matuta.

Mama Simforosa nilimtafuta kwa miaka. Nilipofika kwa binti yake, nilikuta kaburi lina msimu mmoja. Nikamweleza binti yote, nikamwomba anisamehe kwa niaba ya mama yake. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniwekea ugali na maharage, kisha akasema, "Dada Gaudensia, mama hakuwa na kinyongo na wewe. Alitusimulia akicheka. Ila alisema wewe humdai yeye wala yeye hakudai. Wanaotakiwa kuambiwa ni wale waliocheka, kwa sababu wao ndio walioondoka na lile neno majumbani kwao."

Basi ndiyo kazi yangu ya kustaafu. Nawatafuta waliokuwepo mbele ya ofisi asubuhi ile. Nikimpata mmoja, namsalimu, naketi, namwambia: mahindi ya Mama Simforosa yalikuwa makavu kuliko yenu yote, yalikuwa ya kwanza, na aliyekosea ni mimi. Wengine hushangaa. Mmoja alilia. Mmoja aliniuliza kama kuna fidia. Mpaka sasa nimewafikia saba, na watu walikuwa wengi, uwanja ulijaa.

Mwezi uliopita, hapo Pito, nilimpata wa saba, mzee ambaye masikio yake yamechoka. Ilibidi nipige kelele mpaka majirani wakatoka. Nilipomaliza akatikisa kichwa. "Mimi nilicheka," akasema, "lakini sikumbuki nilicheka nini. Anayekumbuka ni mwenyekiti. Yule hasahau kitu."

"Si nilisikia alihamia Mpanda akafia huko?"

"Nani kakuambia? Yupo Kasense kwa mwanawe. Hatembei sana, ila akikaa kibarazani watu wote humzunguka, anasimulia mambo ya kijiji cha zamani. Juzi tu alikuwa anawapa vijana mfano wa uzembe." Akanitazama. "Mfano wake ni mwanamke aliyepeleka masizi ghalani."

Kasense siyo mbali. Magoti yangu hayapendi kilima, na Filberta amesema atanishika mkono Jumapili baada ya misa, wakati kibaraza kimejaa.